Legi 12 Zafungwa na Legi 9: Hesabu za Ubingwa wa Dunia wa Vishale

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilianza kufuatilia ubingwa wa dunia wa vishale Desemba 2025, pale Mkenya David Munyua, yule daktari wa mifugo, alipomtoa Mike De Decker wa Ubelgiji. Tangu siku hiyo nimenasa. Ila kuna jambo linanitatiza. Nimetazama mechi ambayo aliyetolewa alikuwa na wastani mkubwa kuliko aliyeshinda, alikuwa na 180 nyingi zaidi, na nilipohesabu nikakuta hata legi alishinda nyingi zaidi. Wenzangu wananiambia ni bahati tu, nisijisumbue. Inawezekanaje? Na mfumo huu ni wa haki kweli?

JIBU: Marahaba. Hesabu yako haina kosa, na wenzako wamekupa jibu la mtu aliyechoka kufikiri. Chukua karatasi na kalamu.

Mechi ya raundi ya kwanza ni ya seti tano, na anayetangulia kufikisha tatu anapita. Kila seti ni ya legi tano, na hapo pia anayetangulia kufikisha tatu anaichukua. Tuseme wanacheza Juma na Hamisi. Juma anachukua seti mbili kwa 3-0 na 3-0, watu wanaanza kuvaa makoti. Hamisi anachukua tatu zilizobaki, zote kwa jasho, 3-2, 3-2, 3-2. Jumlisha sasa. Juma ana legi 12, Hamisi ana 9. Hamisi anapewa mkono na mwamuzi na kwenda raundi ya pili. Juma anafungasha vishale vyake.

Hakuna aliyeibiwa hapo. Waswahili tunasema akiba haiozi, lakini kwenye vishale akiba ya legi inaoza papo hapo, seti inapokwisha. Legi zile tatu ambazo Juma alimzidi Hamisi kwenye kila seti ya 3-0 hakwenda nazo popote. Seti mpya ikianza, wote wawili wako sifuri.

Kwa faida ya mwingine atakayesoma hapa bila kuujua mchezo, niseme kwa ufupi. Kila mchezaji anaanza legi akiwa na 501 na anapunguza kila anachopiga. Kila zamu ni vishale vitatu, na umbali kutoka mstari wa kurushia hadi ubaoni ni mita 2.37. Ili kufunga legi ni lazima afike sifuri kamili, na kishale cha mwisho kitue kwenye ule ukanda mwembamba wa pembeni unaozidisha namba mara mbili, tunaouita dabo, au kwenye jicho la katikati lenye alama 50. Akizidisha, au akibakiwa na 1, zamu yote inafutwa na anarudia namba aliyokuwa nayo. Ukanda wa ndani unaozidisha mara tatu ndio trebo, na trebo 20 tatu ndizo zinazompasua koo mwamuzi akitangaza mia moja na themanini. Ubao wenyewe ni nyuzi za mkonge zilizobanwa pamoja. Ndiyo maana kishale kikichomolewa tundu linajifunga lenyewe.

Sasa turudi kwenye seti, maana nusu ya jibu lako iko hapo.

Desemba 2024, Luke Littler akiwa na umri wa miaka 17, alicheza mechi yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa msimu huo dhidi ya Ryan Meikle pale Alexandra Palace, London. Hakuwa vizuri kwa muda mrefu wa mechi. Kisha ikaja seti ya nne, akafunga legi tatu mfululizo kwa vishale 32 tu. Kwenye legi moja alikosa dabo 12, vinginevyo ingekuwa ya vishale tisa, yaani legi fupi kuliko zote zinazowezekana. Piga hesabu: legi tatu ni alama 1,503, gawanya kwa 32, zidisha kwa vishale vitatu vya zamu moja, unapata wastani wa 140.91. Hadi siku hiyo ilikuwa haijawahi kuonekana seti ya namna hiyo kwenye ubingwa wa dunia. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Gerwyn Price, aliyeifunga seti ya sita ya fainali ya 2021 dhidi ya Gary Anderson kwa vishale 33, wastani 136.64.

Maajabu hayo yote yalimpa kila mmoja wao seti ngapi? Moja. Seti moja ileile ambayo mtu mwingine angeipata kwa 3-2 huku akitetemeka, wastani wake 85, mwenzake akikosa dabo kama anayerushia gizani. Kitabu cha alama hakina nafasi ya kuandika kwamba seti hii ilikuwa tamu.

Na kinyume chake ni hivyohivyo. Aliyechapwa 3-0 kwa aibu hana deni analobeba. Munyua alikuwa nyuma kwa seti 2-0 mbele ya De Decker, mtu aliyetwaa World Grand Prix mwaka 2024, kisha akachukua tatu mfululizo. Kama mechi ile ingekuwa ya kujumlisha legi tu, shimo lile lingekuwa refu zaidi kupanda. Mwaka 2007, kwenye fainali iliyochezwa Circus Tavern, Purfleet, Phil Taylor alianza kwa kuongoza seti 3-0 dhidi ya Raymond van Barneveld. Taylor huyu ndiye aliyemaliza maisha yake ya mchezo na mataji 16 ya dunia, si mtu wa kumpa mwanya wa seti tatu. Van Barneveld alirudi moja baada ya moja mpaka zikawa 6-6, seti ya 13 ikafika legi 5-5 (seti ya mwisho ina kanuni yake, nitaieleza mbele), ikabidi warushe upya kishale kwenye jicho kuamua nani aanze legi ya mwisho. Van Barneveld akaanza, akaifunga. 7-6. Nimeitazama fainali hiyo mara nyingi kuliko nilivyo tayari kukiri mbele ya mke wangu.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayowachanganya hata watu waliouzoea mchezo, nayo ni wastani.

Nikuonyeshe legi moja kishale kwa kishale. Nimeitunga, lakini legi za namna hii nimeziandika ubaoni kwa chaki tangu kabla mashine hazijatupokonya kazi. Hamisi anaanza. Anapiga 100. Juma anajibu kwa 180, ukumbi unalipuka. Hamisi anapiga 100 nyingine, Juma 140. Hamisi 100 tena, yaani mtu wa mia mia kama muuza vocha. Juma anateleza kidogo, trebo 20, kisha 20 ya kawaida, kisha kishale kinaangukia jirani kwenye 1, jumla 81. Hamisi amebaki na 201, Juma amebaki na 100. Hamisi anapiga trebo 20 mbili na kile cha tatu nacho kinaangukia kwenye 1, hiyo ni 121, amebaki na 80. Juma anasogea na 100 zake: trebo 20, safi, amebaki na 40. Kishale cha pili kwenye dabo 20, kinapita nje ya waya kwa upana wa ukucha. Cha tatu, nje tena. Anarudi nyuma. Hamisi anapiga 20, anapiga 20, anapiga dabo 20. Legi imekwisha.

Angalia runinga sasa. Hamisi ametumia vishale 15 kumaliza 501, wastani wake ni 100.20. Juma amepiga 461 kwa vishale 12, wastani wake ni 115.25. Aliyepigwa amemzidi aliyepiga kwa alama 15.

Na hapo hakuna uchawi. Hamisi alianza, kwa hiyo alipata zamu tano, Juma akapata nne. Vile vishale vitatu ambavyo Juma hakurusha ndivyo vilivyoacha wastani wake uking'aa. Angerudi ubaoni na 40 zake, labda angekosa vyote vitatu, wastani ungeshuka hadi 92.2, na wewe usingeniandikia barua hii. Kanuni yake ni nyepesi na unaweza kuijaribu mwenyewe kwa namba zozote: ndani ya legi moja, anayepoteza anaweza kuwa na wastani mkubwa ikiwa tu aliyeshinda ndiye aliyeanza. Kama aliyepoteza ndiye aliyeanza, hawezi. Atakuwa amerusha vishale vingi kama vya mwenzake au zaidi, na bado hajafika 501.

Kwa hiyo mtu anapokuambia fulani ameshinda kwa wastani mdogo, usikimbilie kusema bahati. Uliza kwanza alishinda legi zipi. Mara nyingi utakuta alitetea legi zake mwenyewe, zile alizoanza, kwa kuwahi kidogo tu, na zile za mwenzake akaziachia bila kuhangaika.

Suala la nani anaanza halisemwi vya kutosha na watangazaji, labda kwa sababu halina kelele. Kabla ya mechi, kila mmoja anarusha kishale kwenye jicho, aliye karibu zaidi anaanza. Baada ya hapo wanapokezana legi kwa legi, na seti nazo wanapokezana kuzianza, haijalishi nani alishinda iliyopita. Anayeanza seti anaanza legi ya kwanza, ya tatu na ya tano. Maana yake, kila mtu akitetea legi zake bila kuvunjwa, yaani bila mwenzake kushinda legi asiyoianza, seti inakwenda 3-2 kwa aliyeianza. Na kwenye mechi ya seti tano, aliyeanza ya kwanza ataanza pia ya tatu na ya tano. Ukienda hadi fainali yenye seti 13, yule aliyekipeleka kishale chake karibu na jicho mwanzoni ana haki ya kuanza seti saba, mwenzake sita. Wenye mchezo wanalijua hilo, ndiyo sababu kuanzia raundi ya pili seti ya mwisho haiishi kwa 3-2. Ni lazima mtu amzidi mwenzake kwa legi mbili, mpaka ikifika 5-5 ndipo legi moja inaamua. Ukimvunja mwenzako mara moja kwenye seti ya aina hiyo na ukatetea zako, umepita. Usipomvunja hata mara moja, ulikuwa na sababu gani ya kushinda?

Ndiyo maana mtu mzima wa mchezo huu hafurahii sana 180 inayopigwa na mwenzake kwenye legi ambayo tayari amechelewa. Uliniuliza kuhusu 180, nami nitalipitia haraka kwa kuwa ndilo jambo linalopewa uzito usiolistahili. Ni alama nyingi kuliko zote kwa zamu moja, ndiyo. Lakini 180 na 60 inayofuata ni 240. Zamu mbili za 120 pia ni 240. Kilele kimoja na bonde moja, au uwanda wa juu, vyote vinakuacha na 261. Anayetazama runinga anakumbuka kilele. Mechi haikumbuki chochote.

Ukitaka kuona jinsi alama nyingi zisivyotosha, tazama nusu fainali ya 2017. Van Barneveld, yuleyule wa 2007, alipiga wastani wa 109.34. Kwa wastani huo angewatoa karibu wachezaji wote waliowahi kusimama kwenye jukwaa lile. Siku hiyo upande wa pili alisimama Michael van Gerwen akipiga 114.05, ubao wa matokeo ukaandika 6-2. Mtu alicheza moja ya mechi bora za maisha yake na akafunguliwa mlango wa kutokea. Sijui kama hiyo nayo wenzako wangeiita bahati.

Tunabaki na dabo, ambako mechi nyingi huamuliwa, na nadhani hata ile uliyoitazama.

Ukanda wa dabo una upana wa milimita 8. Urefu wake, kwa kila namba, ni kama sentimita 5. Jicho la ndani lina kipenyo cha milimita 12.7. Ukipiga hesabu ya eneo, dabo moja ina nafasi zaidi ya mara tatu ya jicho. Shika hilo kichwani, maana linaeleza uamuzi unaozungumzwa zaidi katika historia ya mchezo huu.

Ni mwaka 1983, Jollees, Stoke-on-Trent, enzi ambazo ubingwa wa dunia ulikuwa mmoja tu chini ya BDO, chama cha vishale cha Uingereza, kabla wachezaji wakubwa hawajajitenga mwaka 1993 na kuanzisha ule ambao leo unachezwa Alexandra Palace. Fainali ni Eric Bristow, mfalme wa wakati huo, dhidi ya Keith Deller, kijana aliyeingia kwa kupitia mchujo na ambaye njiani alikuwa amewatoa John Lowe na Jocky Wilson. Seti ni 5-5. Bristow yuko ubaoni, amebakiwa na 50 na kishale kimoja mkononi. Anaweza kulenga jicho na kufunga legi palepale. Deller nyuma yake anasubiri na 138.

Jiweke mahali pa Bristow. Jicho ni dogo. 138 ni mlima, inataka vishale vitatu visivyokosea, na yule anayepaswa kuupanda ni kijana ambaye mikono inamtetemeka, au ndivyo unavyodhani. Ukipiga 18 ya kawaida, unabaki na 32, namba tamu kuliko zote, na unarudi na vishale vitatu vizima. Bristow akapiga 18, akageuka, akasogea pembeni. Deller akasimama. Trebo 20. Trebo 18. Dabo 12. Bingwa wa dunia.

Miaka zaidi ya 40 imepita na watu bado wanabishana. Mimi niko upande wa Bristow. Uamuzi ulikuwa sahihi, matokeo yakawa mabaya, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Angekuwa na Deller aliyebakiwa na 40, hapo ningemlaumu asipolenga jicho. Kwa 138, ukimpa nafasi hiyo mchezaji wa zama zile mara nyingi uwezavyo, mara nyingi zaidi utarudi kupiga 32 yako kwa raha.

Na kwa nini 32 ni tamu? Kwa sababu 32 ni dabo 16. Ukikosea kwa ndani ukapiga 16 ya kawaida, unabaki na 16, ambayo ni dabo 8. Ukikosea tena vivyo hivyo, unabaki na 8, dabo 4, kisha dabo 2, kisha dabo 1. Unagawanyika mara mbili mpaka mwisho bila kuangukia namba witiri. Linganisha na 40. Dabo 20, ukikosea unabaki na dabo 10, ukikosea tena dabo 5, ukikosea tena umebaki na 5, na 5 haifungiki kwa kishale kimoja. Itabidi upige 1 kwanza, au 3, kujipanga upya, na kishale cha kujipanga ni kishale ambacho mwenzako anakushukuru. Hayo ndiyo yanayopita kichwani mwa mchezaji unapomwona amesita mbele ya ubao akiwa na 72 huku wewe huoni sababu ya kusita.

Kuna namba nyingine unazopaswa kuzijua ili usimlaumu mtu bure. Kubwa kuliko zote inayofungika kwa zamu moja ni 170, trebo 20 mbili na jicho. Chini yake kuna namba saba ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzifunga kwa vishale vitatu: 169, 168, 166, 165, 163, 162 na 159. Kwa hiyo mtu akibaki na 159 amejitia kitanzi, na akibaki na 160 yuko hai, ingawa alama moja ile runinga haiioni kuwa na maana yoyote. Fundi anajipangia hilo zamu moja au mbili kabla. Anayepiga trebo 20 tu bila kuangalia atakuwa na wastani mzuri na namba mbaya.

Price huyohuyo wa seti ya 136.64, alipofika 6-1 na kuhitaji seti moja tu awe bingwa, alianza kukosa dabo. Kishale cha ubingwa kikaenda nje, kikaja kingine, nacho nje. Anderson akapata seti mbili za bure kabla Price hajaufunga mlango kwa 7-3. Mkono ulikuwa uleule, ubao uleule, umbali uleule wa mita 2.37. Hakukuwa hata na watazamaji ukumbini siku ile, kwa sababu ya korona. Kilichokuwa kizito ni kile kishale chenyewe. Trebo 20 ukiikosa unapata 20 au 5 au 1 na mchezo unaendelea. Dabo ukiikosa kwa nje unapata sifuri na unakwenda kusimama pembeni ukimtazama mwenzako. Wastani unavihesabu vishale vyote sawa. Mchezaji havihesabu sawa hata kidogo.

Sasa, haki. Swali lako la mwisho lina uzito, na si wewe wa kwanza kuliuliza. Ubingwa wa dunia wa kwanza wa BDO, Nottingham mwaka 1978, ulichezwa kwa legi tupu, Leighton Rees akamfunga John Lowe 11-7 kwenye fainali. Seti zilikuja baadaye. Na leo World Matchplay, mashindano makubwa yanayochezwa Winter Gardens, Blackpool, bado ni ya legi tupu. Kule Juma wetu mwenye legi 12 asingetolewa na mwenye 9. Kama unatafuta kujua nani bora kati ya wawili kwa siku moja, legi tupu zinapima vizuri zaidi, sibishi. Kila legi ina thamani ileile, hakuna inayooza.

Lakini seti zinapima kitu kingine, nacho mimi nakithamini. Zinakulazimisha ushinde legi ya tano. Mara tano, sita, saba ndani ya mechi moja unakuta 2-2, na anayekwenda mstarini anajua kwamba dakika mbili zijazo zina thamani ya seti nzima. Kwenye legi tupu, ukiwa mbele 9-3, unaweza kupumua. Kwenye seti hupumui. Na kadiri mashindano yanavyosonga, mfumo unajirekebisha wenyewe: seti tano kwenye raundi mbili za mwanzo, saba kwenye mbili zinazofuata, kisha tisa robo fainali, 11 nusu fainali na 13 fainali. Mechi ikirefuka, nafasi ya mnyonge kupenya kwa 3-2 tatu inapungua. Ndiyo sababu maajabu mengi unayaona Desemba na si Januari. Fallon Sherrock, mwanamke wa kwanza kushinda mechi kwenye mashindano hayo, Desemba 2019, alimtoa Ted Evetts 3-2, kisha Mensur Suljović 3-1, akasimamishwa raundi ya tatu na Chris Dobey. Munyua naye aliishia raundi ya pili. Siwapunguzii kitu. Nasema tu kwamba mechi fupi ina mlango mpana zaidi, na wao walikuwa na ujasiri wa kuupita.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ni haki, kwa sababu wote wawili waliijua bei ya kila legi kabla ya kurusha kishale cha kwanza. Ambacho si haki ni kumpima mshindi kwa kipimo ambacho hakuwa akishindania. Juma hakuambiwa apige alama nyingi. Aliambiwa achukue seti tatu.

Utakapotazama tena, acha kuangalia wastani mpaka mechi iishe. Angalia mambo mawili tu: nani ameanza legi hii, na baada ya vishale tisa vya kwanza kila mmoja amebakiwa na ngapi. Anayeanza akiwa chini ya 170 baada ya hapo, mwenzake ana zamu moja ya kufanya muujiza. Asiyeanza akiwa ametangulia, ujue kuna legi inakaribia kuvunjwa, na hapo ndipo unapopaswa kuacha simu.

Na kama bado unayo matokeo ya ile mechi yako seti kwa seti, nitumie, pamoja na jina la aliyeanza seti ya kwanza. Nitakuonyesha legi ambayo Juma wako aliipoteza, na sidhani kama itakuwa ya mwisho.